Ajali Haina Kinga? Niliyojifunza Katika Chumba cha Plasta

Wiki niliyokuwa nikikabidhi funguo za chumba cha plasta, kijana mmoja wa zamu yangu alikuwa akimfunga mkono mama aliyeteleza sokoni. Kijana huyo ana mikono mizuri, na kazi hii itampenda. Mama alikuwa akilia. Kijana akamwambia kwa upole, "Pole, mama. Ajali haina kinga."

Nilikuwa nimeshavaa koti la kwenda nyumbani. Nilisimama mlangoni nikitaka kusema neno, kisha nikanyamaza, kwa sababu neno lenyewe ni refu na halifai kusemwa mtu akiwa mlangoni. Sasa nina muda. Nawaandikia ninyi mliobaki na ndoo, makasi na msumeno.

Niliingia chumba kile mwishoni mwa miaka ya sabini, nikitoka nyumbani Kanyakine na cheti cha shule na viatu vya dada yangu. Siku ya kwanza sikumgusa mgonjwa yeyote. Nilipewa beseni la unga mweupe na rundo la bendeji za shashi. Ninyi mnafungua pakiti tu. Sisi bendeji za plasta tulizitengeneza wenyewe: unatandaza shashi mezani, unasugua unga mpaka uingie katika kila tundu, kisha unaviringisha na kuhifadhi ndani ya debe lenye kifuniko, maana unyevu wa Julai ukiingia mle, umepoteza kazi ya wiki nzima.

Aliyenifundisha ni Mzee Njeru, mtu wa Embu, mrefu, mwenye sauti ya chini na subira ya maksai. Alichukua bendeji yangu ya kwanza akaibinya.

"Kathure, hii ni bendeji au ni kamba ya kufungia mbuzi?"

"Nimeikaza isimwage unga, Mzee."

"Umeikaza hata maji hayatapata pa kuingia. Katikati itabaki kavu, na mgonjwa atarudi nyumbani amevaa unga."

Alasiri hiyo hiyo nilitumbukiza bendeji ndani ya ndoo, nikageuka kumtazama mtoto aliyekuwa akipiga kelele, na nilipoikumbuka ilikuwa imeshakuwa jiwe. Mzee Njeru aliitoa, akaigonga mezani, ko, ko, akauliza, "Sasa hii tutampa nani? Ni ndoo iliyovunjika?" Wagonjwa kwenye benchi walicheka. Hakunigombeza zaidi ya hapo. Nimewafundisha wengi tangu wakati huo, na nawaambia mnaofundisha leo: mzaha mmoja unatosha kwa kosa moja.

Mambo aliyonifundisha siku zile hayajapitwa na wakati. Maji yawe vuguvugu, si moto. Ngoja mapovu yaishe ndipo utoe bendeji. Kamua kwa kushika ncha mbili, usiisonge katikati. Na ukishaizungusha, ilainishe kwa kiganja, usitumie ncha za vidole. "Kidole kinaacha shimo," alisema. "Shimo likikauka linakuwa kokoto ndani, na kokoto italitafuna lile fundo la mguu wiki sita, mgonjwa akidhani ni mfupa unaopona." Baada ya hapo, tazama vidole vya mguu. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, achilia. Wekundu urudi mara moja. "Vidole ndivyo redio yako," alisema. "Plasta imefunika kila kitu. Habari utazipata huko tu."

Msumeno wa umeme ulipofika, alifurahi kama aliyeletewa gari. Mnajua kwamba ule hauzunguki, unatikisika tu, kwa hiyo hukata kitu kigumu na kuiacha ngozi. Alikuwa akiuweka kwenye kiganja chake mwenyewe ili kumtuliza mgonjwa. Mzee mmoja hakuridhika. "Hicho ni kiganja chako, daktari," akasema, "kimezoea. Jaribu kwa huyu msichana." Nikanyoosha mkono wangu nimefumba macho. Ndivyo nami nilivyouamini.

Na kila alipomaliza kufunga, Mzee Njeru alimpigapiga mgonjwa begani akasema, "Ajali haina kinga, baba. Shukuru Mungu." Alilisema kama watu wanavyosema Amina. Mgonjwa naye aliitikia, "Kweli kabisa, haina kinga," na uso wake ulilegea. Nami nikaanza kulisema. Sikuona kosa. Mtu aliyevunjika anahitaji plasta, chai na neno jema. Hahitaji hakimu.

Jambo lililoanza kunisumbua lilikuwa dogo. Mimi ni binti wa mkulima, najua majira. Niliona kwamba kabla ya mvua kubwa, kila mwaka, benchi letu lilijaa watu walioanguka kutoka mtini. Wiki hizo ndizo watu wa kwetu hupogoa mukima, ule mti mrefu unaopandwa kati ya kahawa na kwenye mipaka ya shamba, ili kahawa ipate jua na jikoni pawe na kuni. Mvua ikishika, walioanguka mtini walikwisha, wakaja walioteleza matopeni. Nikajiuliza: ni ajali gani hii inayojua kalenda?

Ndipo akaletwa Mutwiri.

Mutwiri alikuwa mpogoaji aliyejulikana kuanzia kwetu Kanyakine mpaka ng'ambo ya bonde. Aliitwa shamba hadi shamba. Alipanda bila viatu, panga kiunoni, na watu walisimama barabarani kumtazama. Siku hiyo alilala juu ya magunia nyuma ya pikapu, kichwa chake mapajani mwa mkewe Kagendo, mifupa yote miwili ya chini ya goti la kulia imevunjika. Daktari aliinyoosha, sisi tukafunga, kuanzia wayo mpaka juu ya paja, vidole tukiviacha wazi. Nilipokuwa nalainisha plasta nikamuuliza, kwa udadisi tu, "Tawi lilikatika?"

"Si tawi. Kigutu."

"Kigutu cha nani?"

"Changu."

Hapa lazima nieleze. Mpogoaji wa wakati ule hakukata tawi mpaka kwenye shina. Aliacha kigutu, kipande cha urefu wa kiganja, ili mwaka ujao kiwe ngazi yake. Aliviacha vigutu kulingana na hatua za miguu yake mwenyewe, na mtu mwingine akipanda alikuta vimekaa vibaya. Hivyo mwenye shamba alilazimika kumwita aliyeviacha. Vigutu vilikuwa kama saini: mti huu ni wa Mutwiri, ule ni wa fulani. Lakini kigutu kimekatwa. Hakina majani, hakinywi. Mwaka wa kwanza kinabeba mtu. Mwaka wa pili pengine. Wa tatu, gome liko vilevile, ndani ni unga.

Mzee Njeru alimaliza, akapigapiga bega. "Ajali haina kinga, Mutwiri. Shukuru Mungu."

Nami, mikono bado imelowa, nikasema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia: "Hii ilikuwa na kinga, Mzee. Kigutu alikiacha mwenyewe, kikaoza, akakikanyaga. Amejitegea mtego."

Kagendo alipiga makofi mara moja. "Baba Kendi, umesikia? Msichana wa plasta ameona kwa siku moja! Mimi nimekwambia miaka mingapi?"

"Mpogoaji amepogolewa," mtu akasema kutoka kwenye benchi, na kicheko kikaenda mpaka nje. Mutwiri aligeuza uso ukutani. Mimi, nawaambia ukweli, nilijiona mwerevu.

Wodi ilikuwa imejaa, na kwao hapakuwa mbali, kwa hiyo aliruhusiwa kwenda kulala nyumbani kwa sharti moja: mguu uinuliwe juu ya mto, na kesho asubuhi arudi tutazame vidole. Mguu uliovunjika huvimba, na plasta haijui kupanuka.

Asubuhi hakuja. Saa nne hakuja. Mzee Njeru alikuwa akitoka mlangoni, akitazama njia, akirudi. Saa sita alichukua yale makasi makubwa ya plasta, akayafunga ndani ya taulo, akaniambia, "Twende."

Dereva wa hospitali alitushusha barabarani, tukatembea kati ya kahawa. Mutwiri alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, mguu umening'inia chini. Vidole vilikuwa vimevimba, rangi ya zambarau.

"Amekataa kurudi," Kagendo alisema. Sauti ya jana haikuwepo. "Anasema haendi tena kuchekwa. Usiku kucha ameuma blanketi."

Mzee Njeru alipiga magoti akabonyeza ukucha. Ukawa mweupe. Akaachilia. Ukabaki mweupe. Alinitazama, na sikuhitaji kuelezwa: tukichelewa, daktari atakata mguu ule, na mtu anayeishi kwa kupanda miti ataketi kwenye kiti kile maisha yake yote.

"Mlaze. Inua," aliniambia. Alianza kukata kutoka juu, makasi yakitafuna plasta kidogo kidogo, kra, kra, huku mimi nikiutanua ufa kwa mikono. Hakuishia kwenye plasta. Alikata pamba yote mpaka akaona ngozi, kwa sababu hata uzi mmoja wa pamba yenye damu iliyokauka unaweza kuukaba mguu. Msisahau hilo. Kisha tukangoja. Jasho lilikuwa likimdondoka puani na hakulifuta. Kagendo alishika vidole vya mumewe ndani ya viganja vyake kama mtu anayewapasha vifaranga joto.

Akabonyeza tena ukucha. Mweupe. Akaachilia. Wekundu ulirudi polepole, kama mtu anayepanda mlima, lakini ulirudi.

"Tikisa kidole gumba," akasema.

Kilitikisika. Kagendo aliketi chini kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mutwiri alilazwa wodini siku hiyo hiyo, kitanda kikapatikana.

Tuliporudi, Mzee Njeru alinawa mikono muda mrefu. Nilikuwa nikingoja anifukuze.

"Ulichosema jana ni kweli," alisema. "Kigutu kilioza. Lakini ulikisema plasta ikiwa mbichi, na ulikisema kwa ncha ya kidole."

Nilifungua taulo, nikaanza kuyasafisha makasi.

"Unajua kwa nini nawaambia ajali haina kinga? Mtu akianguka, wa kwanza kumhukumu ni yeye mwenyewe. Neno lile linamwondolea mzigo apate kulala."

"Na mwaka ujao, Mzee? Akipona apande tena palepale?"

Alifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Kuuliza usiache," alisema mwishowe. "Tafuta siku nyingine ya kuuliza."

Siku hiyo niliipata, na ndiyo ninayowaachia kama zana, sawa na makasi. Ni siku ya kutoa plasta. Mguu umetoka mwembamba, ngozi inapukutika kama gome, mwenyewe anauona anacheka. Hofu imeisha, aibu imepoa, na maumivu bado anayakumbuka. Siku hiyo mweleze habari ya mazoezi, mpe magongo, kisha uliza kwa sauti ya kawaida, "Hebu nieleze, ilikuwaje?" Usimuulize kwa nini, maana hapo umemshtaki. Ukiuliza ilikuwaje, umemwomba akufundishe.

Mutwiri alipotolewa plasta ya mwisho, kwanza nilimwomba msamaha, mbele ya benchi, kwa sababu mbele ya benchi ndipo nilipomkosea. Aliitikia kwa kichwa tu. Kisha nikauliza, ilikuwaje. Akaeleza vizuri kuliko kitabu: jinsi ya kugonga kigutu kwa mpini wa panga na kusikiliza, jinsi ukungu unavyoanzia upande wa chini ambao mpandaji haoni, jinsi tawi likikatwa karibu na shina mti unavyolifunika donda kwa gome jipya.

"Kumbe unajua yote," nilisema. "Basi mbona huvikati?"

"Nikivikata, miti si yangu tena. Yeyote mwenye ngazi ya mbao atapanda. Nitakuwa nimewapa watu kazi yangu."

"Na ukiviacha?"

"Nitaangalia vizuri nikikanyaga."

Kagendo, aliyekuwa ameshika magongo, akauliza, "Siku ile ulikuwa umefumba macho?"

"Mama Kendi, niache. Unataka watu waseme Mutwiri amekuwa mwoga?"

"Waseme. Mimi sikuolewa na jina. Niliolewa na mtu wa miguu miwili, na kidogo nibaki na nusu."

Mutwiri alimgeukia Mzee Njeru, mwanamume mwenzake, atafute msaada. "Daktari, si wewe mwenyewe uliniambia? Ajali haina kinga."

Mzee Njeru aliuweka msumeno mezani.

"Nilikwambia," alisema. "Neno lile nilikupa siku ile kama dawa ya maumivu, ulale. Sikukupa upande nalo mtini."

Tangu siku hiyo sikumsikia tena akilisema bila kufikiri kwanza. Nami nimelifikiri miaka yote iliyofuata. Niliuliza ilikuwaje kwa waliokatwa vidole na mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe kule Kiirua, nikasikia kwamba mkono uliingia kusukuma shina la mahindi lililokwama huku mwenzake akizungusha gurudumu. Niliwauliza wachuma miraa wa Kianjai, wakasema matawi yalikuwa na umande na mnunuzi alikuwa akipiga honi. Niliwauliza vijana wa pikipiki, ambao kofia zao zilikuja hospitalini zikiwa salama kabisa, kwa sababu zilikuwa zimening'inia kwenye usukani. Mara chache sana nilipata jibu ambalo halikuwa na kigutu mahali fulani, kitu ambacho mtu aliacha kwa mkono wake na alijua kipo.

Hayo machache yapo, sikatai. Kuna mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa nyumbani kwake akinywa uji, na ng'ombe wa jirani akaingia kwa mlango uliokuwa wazi. Huyo nilimpigapiga bega nikamwambia haina kinga, na nilimaanisha. Lakini waliotuachia methali hii nadhani waliitunga kwa ajili ya kitanda cha mgonjwa. Sisi tumeibeba tukaipeleka shambani na barabarani, ambako mtu bado ana miguu yake yote miwili na nafasi ya kuchagua. Methali ni njema baada ya kuanguka. Kabla ya kuanguka ni kigutu kilichooza. Na ninyi mnaokaa chumba kile ndio pekee mnaowaona walioanguka wote wakiwa wameketi benchi moja. Mwenye shamba anamwona mmoja. Ninyi mnaona majira. Ulizeni, kisha mkiwa kanisani, sokoni, kwenye mkutano wa wazazi, semeni mliyoyasikia. Mtashangaa watu wanavyopenda kusikilizwa na kusikiliza.

Nimebakiza kuwaeleza Mutwiri aliamua nini, maana siku ile ya magongo aliondoka bila kujibu.

Miezi ilipita. Majani ya mukima yakawa mazito tena juu ya kahawa, na benchi letu likaanza kupokea wa kwanza. Kila pikapu ilipoingia, mimi na Mzee Njeru tulitoka mlangoni kutazama ni nani. Kisha Jumamosi moja Kagendo akatuma habari: Mutwiri anapanda leo, palepale alipoanguka. Tulikwenda, na safari hii hakuna aliyebeba makasi.

Tulimkuta kwenye ngazi ya mbao, amevaa viatu, kamba imefungwa kiunoni na kuzungushwa kwenye shina. Mwenye shamba alikuwa amesimama chini na majirani kadhaa, wakifurahia.

"Mutwiri!" mmoja aliita. "Siku hizi umekuwa fundi wa stima? Au mti umeota pembe?"

"Njoo unishikie ngazi, wewe unayejua kusema," alijibu kutoka juu. "Mwaka ujao utapanda mwenyewe, sitakuwepo kukuhurumia."

Alianza juu kabisa na kushuka akikata, kwa msumeno wa mkono, karibu na shina. Haya hayakuwa matawi ya mwaka huu. Yalikuwa vigutu vyake, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilipoanguka kati ya kahawa kilitoa sauti kavu, nyepesi. Alipofika kile cha chini kabisa, ambacho ndicho kila mpandaji huanza nacho, alisimama. Alikishika kwa mkono mzima. Watu waliacha kucheka, kwa sababu kila mkulima pale alielewa anachokiachilia. Kisha akaweka msumeno juu yake, akakikata.

Alishuka akichechemea kidogo, akatusalimia mimi na Mzee Njeru kwa mkono, akauinua mguu wa suruali tuone jinsi mfupa ulivyonyooka. Kagendo alikuwa ameshainama kati ya mistari ya kahawa akiokota vigutu, akivipanga kwenye kamba ya kubebea kuni. Alikigonga kimoja na kingine, akasikiliza.

"Angalia jinsi vilivyokauka," alisema. "Hivi vitawaka bila hata moshi."

Alijitwisha mzigo, akatuambia tusiondoke kabla ya chai.